Mkanda wa picha haujafa

Wengi wanaamini kwamba Kodak, kampuni ya Marekani ya kamera na mikanda ya picha, ilipoomba kinga ya ufilisi mahakamani Januari 2012, mikanda hiyo inayotiwa ndani ya kamera nayo ilikoma kutengenezwa. Si kweli. Kampuni hiyo ilitoka kwenye ufilisi mwaka uliofuata, na kiwanda chake cha Rochester, New York, bado kinatengeneza mikanda. Ektachrome, mkanda wa rangi wa Kodak uliosimamishwa mwaka huohuo wa 2012, ulirudi sokoni 2018. Huko Uingereza, Harman, watengenezaji wa mikanda ya Ilford, walitoa mkanda wao wa kwanza wa rangi mwaka 2023. Mwaka 2024 Pentax wakaleta kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17.

Ni kweli soko limepungua mno, na kamera ya mkanda haitarudi kuwa ya kila nyumba. Lakini hatari kubwa ya mkanda, kwa maoni yangu, haipo kwa wanunuzi. Ipo kwenye kusafisha picha. Dawa ya kwanza ya mkanda wa rangi hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 38 hivi, na mkanda hulowekwa kwa dakika tatu na robo. Joto likiyumba, rangi hupotoka. Mashine nyingi za kazi hiyo zimezeeka, na vipuri ni vya kuokoteza. Anayejua kuzitengeneza apewe vijana wa kufundisha sasa hivi, kwa sababu mkanda usiosafishwa hauna picha ya kumwonyesha mtu.