Roboti za Kura Steemit: Piga Hesabu Kabla ya Kutuma Sarafu

Malalamiko kuhusu roboti za kura, yaani programu zinazolipwa ili kupigia maandiko kura, katika mitandao inayolipa waandishi yanazidi kufika ofisini kwetu, na mengi huanza na neno "nimeibiwa". Mara nyingi hakuna aliyeiba. Mlalamikaji alituma sarafu za kidijitali kwa hiari yake, na programu ikafanya ilichoandikiwa kufanya.

Tuchukue Steemit, mtandao wa aina hiyo ulioanza 2016 juu ya mnyororo wa bloku (blockchain) uitwao Steem. Malipo ya andiko hutokana na kura, lakini kura haihesabiwi kwa vichwa. Uzito wa kura hutokana na Steem Power, yaani sarafu ulizozifunga kwenye akaunti. Wenye nyingi huitwa nyangumi, na kura moja ya nyangumi huzidi za dagaa, yaani wenye chache, mia kadhaa. Jambo hili liko wazi tangu mwanzo, lakini bado tunaulizwa kila mara kwa nini andiko lenye kura 200 limepata senti na lenye kura 3 limepata dola.

Kura kamili hutumia 2% ya nguvu ya kupiga kura, na nguvu hiyo hujirudisha kwa 20% kwa siku. Kwa hiyo roboti hupata kura kamili moja kila baada ya saa 2 na dakika 24, na huo ndio muda wa mnada wake. Unatuma sarafu, kisha unaweka kiungo cha andiko lako kwenye sehemu ya ujumbe wa muamala. Muda ukifika, kura inagawanywa kulingana na alichotuma kila mmoja.

Chukulia kura hiyo ina thamani ya dola 100, yaani huongezea maandiko malipo ya kiasi hicho. Umetuma dola 5, na jumla ya waliotuma ni dola 50, basi fungu lako ni dola 10. Dakika za mwisho wanaingia wengine, jumla inafika dola 110. Fungu lako limeshuka hadi dola 4.55, na nusu yake ni ya wapiga kura, roboti ikiwemo (kabla ya Agosti 2019 ilikuwa robo). Umeshapata hasara. Bloku, yaani fungu la miamala linaloandikwa kwenye mnyororo, hutoka kila sekunde 3, na muamala ukishaingia humo hakuna ofisi inayoweza kuurudisha, hata yetu.

Nyuma ya roboti kuna wenye Steem Power wanaoikopesha na kulipwa bila kusoma hata mstari mmoja. Mfuko wa zawadi unaolipa maandiko ni mmoja kwa wote, hivyo kinachochotwa kwa kura ya kununuliwa kinampunguzia mwandishi ambaye hakununua. Hili ndilo linalotusumbua kuliko hasara ya mnunuzi.

Adhabu zipo. Tangu Agosti 2019 kila akaunti ina akiba ya kura za kupinga, kiasi cha robo ya nguvu yake, isiyogusa kura za kawaida. Andiko lililosukumwa na roboti linaweza kupingwa hadi malipo yawe sifuri, mradi siku 7 za malipo hazijaisha. Sifa ya akaunti, yaani alama yake ya kuaminika, nayo inaweza kushuka hadi maandiko yafichwe. Ulichoilipa roboti hakirudi.

Na wanaodhani haya ni ya waandishi tu wakumbuke Machi 2020, pale masoko ya sarafu yalipotumia amana za wateja kuwapigia kura wasimamizi wa mnyororo wa Steem. Mgogoro huo ndio uliozaa Hive, mnyororo uliojitenga na Steem, mwezi huohuo.

Aliyekopesha nguvu yake anaweza kuifuta idhini wakati wowote, ila nguvu humrudia baada ya siku 5. Anayeleta lalamiko alete jina la akaunti na namba ya muamala. Funguo za siri asimpe mtu yeyote, hata mtumishi wa ofisi hii.