Printa ya 3D kwenye karakana ya kusubu

Wageni wakija karakanani kwangu Nairobi huielekea printa moja kwa moja. Ni haki yao, ila printa imenipunguzia kazi moja tu: kuchonga umbo la kwanza. Yanayofuata ni yaleyale yaliyozaa siwa ya shaba ya Lamu, lile baragumu la sherehe, karne kadhaa zilizopita: umbo la nta linafunikwa, nta inayeyushwa itoke, metali inamiminwa palipobaki wazi.

Tatizo ni kwamba printa huchapisha plastiki, na plastiki si nta. Nta huanza kuchuruzika kwenye nyuzi 60 hivi, kalibu, yaani ganda linalofunika umbo, ikiwa bado vuguvugu. PLA, plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mimea kama mahindi, hulainika, huvimba na kusukuma kuta, na kalibu dhaifu hupasuka. Tena haitoki yenyewe. Lazima iungue hadi iishe. Kwa hiyo umbo la kuchomwa nalichapisha karibu tupu: kuta nyembamba, ujazo wa ndani asilimia 5 hadi 10. Nanunua uzi wa plastiki usiotiwa rangi, kwa sababu baadhi ya rangi huacha majivu, na majivu yakijibanza konani huacha vishimo kwenye uso wa kazi. Kisha nalipaka nta lote kufuta mistari ya matabaka. Mstari mwembamba kwenye plastiki hutokea vilevile kwenye bronzi, na huko kuuondoa ni tupa, msasa na jasho.

Metali ikipoa husinyaa: alumini kama asilimia 1.3, bronzi kama 1.5. Sanamu ya sentimita 20 hupungua milimita 3. Mafundi wa zamani walikuwa na rula maalumu zenye vipimo vilivyorefushwa. Mimi naandika asilimia 101.5 kwenye programu, basi.

Njia ya kupitishia metali, hata hivyo, naipanga kwa mkono. Sehemu nene hupoa mwisho, na isipokuwa na akiba ya metali ya kunywa karibu yake, hubonyea. Hivyo naligeuzageuza umbo, naangalia hewa itatokea wapi, nabandika mifereji ya nta. Zipo programu za kuigiza mtiririko, na viwanda vinazitumia. Kwa sanamu moja moja sioni faida yake.

Kalibu yangu ni plasta iliyochanganywa na silika, madini ya mchanga. Tanuru hukaa muda mrefu kwenye nyuzi 150 ili maji yatoke, ndipo lipande polepole hadi 700. Likizidi sana hapo, plasta huanza kuharibika na kutoa gesi za salfa. Hatua ya kukausha siifupishi, hata mteja apige simu mara ngapi: maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na yakikutana na bronzi ya nyuzi 1,100 ndani ya kalibu, metali hurudi usoni kwa aliyemimina.

Zikitakiwa nakala kadhaa, sichomi plastiki kabisa. Nachapisha umbo mama moja, nalisugua hadi liteleze, nalitengenezea kalibu ya mpira wa silikoni, kisha namimina nta humo kila ninapohitaji nakala. Kwangu hapa ndipo printa inapolipa gharama yake.

Kwa alumini, tafuta pistoni kuukuu kwa wauza vyuma chakavu. Mchanganyiko wake uliundwa ili usubiwe, hivyo hufika hadi kwenye kona nyembamba. Makopo ya soda waachie wengine. Sehemu kubwa huishia kuwa takataka juu ya chungu.