Je, wajua kwa nini timu huchoka mradi wa mfumo mpya ukiwa nusu ya njia?

Kampuni ya usambazaji inapoachana na madaftari na Excel na kuhamia mfumo mmoja wa mauzo, stoo, manunuzi na mahesabu, kama Odoo, Sage au SAP, mwanzoni kila mtu huwa na hamu. Miezi michache baadaye vikao vina viti vitupu, mhasibu hajibu ujumbe wa mshauri anayesimika mfumo, na mtunza stoo amerudi kwenye daftari lake. Hapo utasikia kwamba wafanyakazi hawapendi mabadiliko. Mara nyingi si kweli. Wamebebeshwa kazi mbili, na hakuna aliyewapunguzia ile ya kwanza.

Tazama kalenda ya mhasibu. Tanzania, PAYE (kodi ya mishahara) hulipwa kufikia tarehe 7 na ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) huwasilishwa kufikia tarehe 20. Kenya ni tarehe 9 na 20. Ongeza siku za kufunga mwezi, halafu uone zimebaki ngapi za kukaa na mshauri. Ukimwekea majaribio ya mfumo tarehe 5, hatakuja, na akija atakuwa na simu mkononi. Basi ratiba ya mradi ipangwe juu ya kalenda ya kodi. Kila idara itoe mtu mmoja anayeijua kazi yake vizuri, apewe walau siku mbili kwa wiki za mradi, na jina la atakayeshika kazi zake siku hizo liandikwe kwenye barua ya mkurugenzi. Bila jina hilo, siku mbili hizo ni za maneno tu.

Panapovunja umoja kuliko pote ni orodha ya bidhaa. Mafuta ya kupikia yaleyale ya lita moja utayakuta kwa majina matatu: "Mafuta 1L", "MAFUTA LT 1" na "Mafuta lita 1 x 12". Mauzo wanauza kwa katoni, stoo wanahesabu kwa chupa. Anayeingiza data akiandika 40 akimaanisha katoni, na mfumo ukasoma chupa, stoo ina chupa 480 lakini kompyuta inaonyesha 40. Karani anamwambia mteja mzigo umekwisha, mtunza stoo anauona mzigo mbele yake, na kuanzia hapo kila mmoja anamwona mwenzake mzembe. Kwa hiyo orodha isisafishwe na kijana wa IT peke yake. Wakae watu watatu, wa mauzo, wa stoo na wa mahesabu, wapitie bidhaa moja baada ya nyingine na kukubaliana: kizio cha msingi ni chupa, katoni ni chupa 12, jina ni hili. Kisha mtu mmoja tu abaki na ruhusa ya kuongeza bidhaa mpya.

Kuna hofu nyingine ambayo haitajwi kikaoni. Mtunza stoo anajua daftari lake halilingani na rafu: bidhaa zilizovunjika bila kuandikwa, zilizotolewa kwa maagizo ya simu, zilizoharibika zikatupwa. Hesabu ya kuanzia itaanika yote kwa siku moja, na jina kwenye daftari ni lake. Mtu wa namna hiyo atachelewesha mradi kwa kila njia, na binafsi simlaumu. Uongozi utamke mapema, kwa maandishi, kwamba upungufu utakaoonekana siku ya kuanza utarekebishwa kwa saini ya mkurugenzi na hautakatwa kwenye mshahara wa mtu. Hapo ndipo utapata hesabu ya kweli.

Maamuzi yanayoning'inia nayo huchosha. Lidl, kampuni ya maduka makubwa ya Ujerumani, ilianza mradi wake wa SAP mwaka 2011 na kuuacha mwaka 2018, baada ya gharama iliyokadiriwa kufikia euro milioni 500. Tatizo moja lililotajwa sana ni kwamba Lidl ilizoea kuthamini mali kwa bei ya kununulia, wakati mfumo ulijengwa kwa bei ya kuuzia. Swali la namna hiyo, tubadili mfumo au tubadili mazoea, lijibiwe mwanzoni. Wekeni daftari la maamuzi lenye swali, jibu, aliyeamua na tarehe. Idara zisipokubaliana ndani ya siku mbili za kazi, mtu mmoja mwenye mamlaka aamue na kazi iendelee.

Tarehe ya kuanza nayo ina uzito. Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, iliwasha mfumo wake Julai 1999, msimu wa Halloween ukikaribia, baada ya kubana ratiba ya miaka minne hadi miezi 30. Oda za takriban dola milioni 100 hazikufika kwa wateja. Kwa msambazaji wa vyakula wa huku, epuka wiki zinazotangulia Ramadhani na Krismasi.

Wikiendi ya kuwasha mfumo, Ijumaa jioni funga mauzo. Jumamosi vikundi viwili vihesabu stoo kila kimoja peke yake, bila kuonyeshwa idadi ya kwenye mfumo, na vinapotofautiana cha tatu kirudie. Jumapili ingiza salio la kuanzia. Kabla ya hapo uwe umejaribu risiti za EFD (mashine za risiti za kodi) kwa Tanzania, au eTIMS (mfumo wa ankara za kodi) kwa Kenya. Usiishie kwenye mauzo ya kawaida, jaribu pia punguzo na mteja anayerudisha bidhaa baada ya risiti kutoka, maana huko ndiko foleni hukwama Jumatatu.

Kuendesha daftari na mfumo sambamba kusizidi mwezi mmoja, tena kwa mahesabu tu. Karani anayeandika kila ankara mara mbili ataanza kuruka ile ya kwenye mfumo. Na mkataba wa mshauri usiishe siku ya kuwasha. Abaki mpaka mhasibu afunge miezi miwili, wa pili akiufunga bila kumpigia simu.