Kelele ya rafadha: kwa nini picha nzuri ya mvuke haitoshi

Maji yenye joto la nyuzi 20 hugeuka mvuke shinikizo lake likishuka hadi paskali 2,300 hivi, ilhali shinikizo la hewa ni kama paskali 101,000. Bawa la rafadha, yaani chombo chenye mabawa kinachozunguka nyuma ya meli na kuisukuma, huweza kulishusha kiasi hicho bila maji kupashwa moto hata kidogo, na hiyo ndiyo kavitesheni. Nyuma ya meli, maji yaliyopita karibu na bodi huwa yamepungua kasi; kwa hiyo kila bawa linapofika juu huelemewa na mzigo mkubwa zaidi, mahali ambapo pia kina ni kidogo, na utando wa mvuke hutanda juu yake, kisha huporomoka bawa linaposhuka.

Katika kazi hii ya kuiga rafadha kwa kompyuta, naona wengi wetu huridhika mapema mno. Tunalinganisha umbo la utando huo na lile lililoonekana kwenye tangi la majaribio, na yakifanana tunaiamini hesabu nzima. Lakini sauti ifikayo mbali haitokani na ujazo wa mvuke. Hutokana na mchapuko wa ujazo huo, yaani jinsi kasi ya kukua na kupungua kwake inavyobadilika, kiasi kwamba kosa dogo katika wakati wa kuporomoka, ambalo jicho haliwezi kuliona pichani, hugeuka kosa kubwa katika kelele.

Chukua rafadha ya mabawa 5 inayozunguka mara 100 kwa dakika. Mlio wake wa msingi ni hezi 8.3, yaani mitetemo 8.3 kwa sekunde. Hesabu ikisogezwa nyuzi 1 ya mzunguko kwa kila hatua, hatua moja ni milisekunde 1.7 hivi, na tukitaka angalau nukta 10 katika kila wimbi, hakuna cha kuaminika kinachozidi hezi 60. Hilo linatosha kwa mtetemo wa shetri, sehemu ya nyuma ya meli, na hata kwa masafa ya hezi 20 ambayo baadhi ya nyangumi wakubwa huyatumia kuitana. Kufikia hezi 1,000 kunadai hatua ndogo zaidi ya mara 16, na seli, yaani vipande ambamo kompyuta huyagawa maji, ndogo vilevile.

Kinachonisumbua zaidi ni mzunguko mwembamba wa maji unaochirizika kutoka ncha ya bawa. Mara nyingi mvuke huanzia hapo, lakini milinganyo inayochukua wastani wa msukosuko huudhoofisha upesi. Shinikizo la kiini chake halishuki inavyopasa, na kompyuta hutuonyesha maji matulivu pale ambapo bahari ingekuwa inanguruma. Dawa ni kujaza seli ndogo katika njia yote ya mzunguko huo, gharama ambayo sioni namna ya kuikwepa.

Sauti yenyewe huikokotoa kwa mlinganyo wa Ffowcs Williams na Hawkings wa 1969, unaokadiria sauti ya mbali kutokana na hali ya maji kwenye uso fulani, nikiizungushia rafadha uso wa kufikirika. Msukosuko unapoukata uso huo huzua kelele ya uongo. Kwa hiyo hurudia hesabu kwa nyuso za ukubwa tofauti, na matokeo yakibadilika, siyatoi kwa mteja.