Ujerumani: kabla hujalipia chumba, uliza karatasi ya mwenye nyumba

Kazi yangu ni kuwashauri watu wanaohamia Ujerumani. Wanaonijia kwa Kiswahili wengi ni vijana wa Tanzania na Kenya: wanaosomea uuguzi, wanafunzi wa vyuo vikuu, mabinti wanaolea watoto kama au pair, wake kwa waume wanaowafuata wenza wao. Wakiwa bado Nairobi au Dar es Salaam huniuliza habari za viza, lugha na mshahara. Habari za anwani huniuliza wakishafika, na mara nyingi wakishalipia chumba. Hilo huniuma, kwa sababu kuna swali moja lililopaswa kuulizwa kabla pesa haijatoka mfukoni: je, kwenye chumba hiki nitaweza kujisajili?

Tangu tarehe 1 Novemba 2015, Ujerumani nzima inafuata sheria moja ya usajili wa wakazi. Kila anayehamia kwenye makazi anatakiwa ajisajili katika ofisi ya mji wake ndani ya wiki mbili. Usajili huu ndio Anmeldung. Siku zinahesabiwa tangu ulipohamia kwenye nyumba, si tangu ndege ilipotua, na huwezi kujisajili kwenye nyumba ambayo bado hujaingia. Ukichelewa, sheria inaruhusu faini ya hadi euro 1,000. Katika miji mikubwa miadi hupatikana kwa taabu, kwa hiyo anza kuitafuta mapema na utunze uthibitisho wa tarehe uliyopewa, uwe na cha kuonyesha ukiulizwa kwa nini wiki mbili zimepita. Berlin unaweza kwenda kwenye Bürgeramt yoyote ya jiji, hata iliyo mbali na mtaa wako. Miji mingine ofisi hiyo huitwa Bürgerbüro au Einwohnermeldeamt. Ukipotea kabisa, piga 115, namba ya huduma za serikali.

Kwetu, mtu akitaka kuthibitisha anakoishi huenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au Kenya kwa chifu, na barua huandikwa kwa sababu anafahamika. Ujerumani ofisa hakujui, wala hahitaji kukujua. Anachotaka ni neno la aliyekupa chumba, kwa maandishi. Karatasi hiyo inaitwa Wohnungsgeberbestätigung, na yote mengine yanaitegemea. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Nimeona watu wakirudishwa mlangoni na mkataba mzuri wenye mihuri na sahihi zote, kwa kukosa ukurasa huo mmoja.

Karatasi yenyewe ni fupi: jina na anwani ya aliyetoa makazi, anwani ya nyumba, tarehe ya kuhamia, na majina ya wote waliohamia. Kama aliyekupa chumba si mmiliki, jina la mmiliki nalo linaandikwa. Fomu yake hupatikana bure kwenye tovuti za miji. Majina yako yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, yote na kwa herufi zilezile. Mtu anayeitwa jina moja nyumbani, jingine shuleni na jingine kwenye pasipoti asiache mwenye nyumba achague.

Ukifikia kwa kaka, shangazi au rafiki ambaye naye ni mpangaji, yeye anaweza kutia sahihi kama mtoa makazi. Ila kabla ya kukukaribisha uishi naye, kwa kawaida anahitaji ruhusa ya mmiliki. Naomba jambo hili lisemwe wazi kati yenu kabla hujafunga safari. Ndugu wengi hukubali kukulaza kwa moyo mweupe, kisha siku ya karatasi wanaingiwa na hofu ya kugombana na mwenye nyumba, na undugu wenyewe unaingia doa. Waliokuja kwa mafunzo ya uuguzi na kupewa chumba na mwajiri, na au pair walio kwenye familia, kwa kawaida hawapati shida hii. Mtoa makazi wao ni mwajiri au familia.

Kisheria, mwenye nyumba hana hiari katika hili. Ni wajibu wake kutoa karatasi. Akikataa, na wewe una wajibu wa kuiarifu ofisi ya usajili bila kuchelewa, nayo inaweza kumfuata. Hata hivyo, ushauri wangu wa dhati ni usifike huko. Mtu anayekwambia “chumba kipo, lakini hapa husajiliwi” usimlipe hata amana. Huenda anapangisha bila ruhusa, au nyumba imejaa kuliko inavyoruhusiwa, au chumba hakipo kabisa.

Pia wako wanaouza anwani. Utawakuta kwenye makundi ya WhatsApp: unalipa, unapewa karatasi yenye sahihi, na nyumba yenyewe hutaingia. Sheria inakataza kumpa mtu anwani ya kujisajili mahali asipohamia, na faini yake inafika hadi euro 50,000. Anayenunua naye hubaki na tatizo kila siku, maana barua zake zinakwenda kwenye mlango asiokuwa na ufunguo wake.

Na barua ndizo zinazoendesha maisha ya huku. Baada ya usajili wa kwanza, ofisi kuu ya kodi hukutumia kwa posta namba ya kodi yenye tarakimu 11, Steuer-ID, ambayo unabaki nayo maisha yako yote. Mwajiri anaihitaji. Akiikosa, anaweza kulazimika kukukata kwa daraja la sita la kodi, lenye makato mazito kuliko yote. Ofisi ya wageni inayoshughulikia kibali chako cha kukaa nayo huangalia anwani hiyohiyo, na benki nyingi huitaka. Sasa sikia jambo dogo ambalo limewatesa wengi: mleta barua wa Ujerumani husoma jina kwenye sanduku. Kama jina lako halipo, barua inarudi ilikotoka hata kama unaishi humo kihalali. Siku unayopokea ufunguo, omba ruhusa ubandike jina lako kwenye sanduku na kwenye kengele. Kipande cha karatasi na gundi vinatosha.

Siku ya miadi nenda mwenyewe na pasipoti, fomu iliyojazwa na karatasi ya mwenye nyumba. Familia ichukue pasipoti za wote, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, pamoja na tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Kazi huisha kwa dakika chache, na uthibitisho wa usajili unapewa bila malipo. Usome kabla hujaondoka dirishani. Herufi iliyokosewa hapo itakufuata kwenye namba ya kodi, bima na benki.

Kwenye fomu kuna sehemu ya dini, nayo wengi huijaza bila kujua uzito wake. Ukiandika Mkatoliki au Mlutheri, taarifa hiyo huenda kwenye mamlaka ya kodi, na ukianza kulipa kodi ya mapato utakatwa pia kodi ya kanisa: asilimia 8 ya kodi yako ya mapato katika majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg, asilimia 9 katika majimbo mengine. Ni sehemu ya kodi, si ya mshahara wote. Waislamu hawakatwi. Muumini wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, aliyezoea kutoa ahadi yake kwa bahasha hushtuka akiliona kato hilo kwenye hati ya mshahara. Simwambii mtu aikane imani yake mbele ya ofisa. Ninachotaka ni ajibu ukweli akijua unaleta nini.

Itafika pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Hiyo hulipwa kwa nyumba, si kwa kichwa. Kama mnaishi wanne na mmoja ameshalipa, ijibu kwa kutaja namba yake ya malipo. Ukinyamaza watakuandikisha nawe.

Kuna jambo ninalomwambia kila mwanamke anayekimbia kipigo. Daftari la wakazi linaweza kuulizwa: mtu wa kawaida anayetaja taarifa za kutosha kukutofautisha na wengine anaweza kuomba anwani yako ya sasa na akapewa. Ikiwa maisha, afya au uhuru wako uko hatarini, omba Auskunftssperre, zuio la kutoa taarifa zako, na uende na ushahidi ulio nao, kama taarifa ya polisi au barua ya wakili. Liombe siku hiyohiyo unayosajili makazi mapya, usisubiri atokee mlangoni. Wafanyakazi wa nyumba za hifadhi za wanawake wanaijua njia hii vizuri na watakusindikiza.

Mama akija kumwona mjukuu, je, asajiliwe? Mtu ambaye makazi yake yako nje ya Ujerumani na anakuja kwa muda usiozidi miezi mitatu hana wajibu huo, kwa hiyo mgeni wa viza ya siku 90 muache apumzike na mtoto wake.

Ukihama kutoka mji mmoja wa Ujerumani kwenda mwingine, unajisajili kule unakokwenda tu. Ofisi zinaarifiana zenyewe. Ukiondoka nchini moja kwa moja, lazima ujiondoe kwenye daftari: mapema kabisa wiki moja kabla ya kuhama, na si zaidi ya wiki mbili baada ya hapo. Uthibitisho utakaopewa uupige picha na uutunze, maana utakusaidia kusimamisha ile ada ya redio na televisheni ukiwa umesharudi Mombasa.