Mzabibu Unaosimama kwa Mizizi ya Kuazima

Ukiinama chini ya mzabibu katika mashamba ya mvinyo ya Bordeaux (Ufaransa), Rioja (Hispania) au Napa (California, Marekani), mara nyingi utakuta uvimbe kama goti karibu na udongo. Wageni hudhani ni ugonjwa, kumbe ni kovu la kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo (kijiti chenye macho) cha mmea mmoja juu ya mizizi ya mwingine. Juu ya kovu ni mzabibu wa asili ya Ulaya na Asia, Vitis vinifera, unaozaa zabibu za mvinyo. Chini yake ni mmea mwingine, wenye damu ya Amerika Kaskazini. Sisi tunaoshughulikia afya ya mimea huanzia hapo tunapoulizwa kuna ubaya gani kukata pingili ya mzabibu ugenini na kurudi nayo ndani ya begi.

Binadamu anatengeneza mvinyo tangu miaka ipatayo 8,000 iliyopita; mabaki yake yamepatikana kwenye vigae vya vyungu vilivyofukuliwa Georgia. Karibu muda wote huo mzabibu ulitegemea mizizi yake wenyewe. Mambo yaligeuka karne ya 19, meli za mvuke zilipofupisha safari ya Atlantiki. Mizabibu ya Amerika ilipelekwa Ulaya ikiwa hai, na pamoja nayo akasafiri filoksera, mdudu anayekaribiana na vidukari, mwenye urefu wa milimita moja hivi.

Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kunyauka. Waliofukua iliyokwisha kufa hawakuona kitu. Mwaka 1868 Jules-Émile Planchon, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, na wenzake walifukua mzabibu uliokuwa bado hai, wakakuta mizizi imejaa wadudu wa manjano. Filoksera hakai kwenye maiti. Hufyonza mzizi, huacha vidonda, ukungu hupenya humo na mzizi huoza. Mzabibu unapokauka, yeye keshahamia kwa jirani.

Wakulima walifurika mashamba kwa maji, wakadunga ardhini kemikali zinazowaka moto. Dawa iliyodumu ilitoka alikotoka mdudu. Mizabibu ya Amerika imeishi naye muda mrefu, na mizizi yake hujifunga vidonda mapema. Matunda yake, hata hivyo, hutoa mvinyo wenye harufu ambayo wengi hawaipendi. Ndipo ikaamuliwa kuchukua mizizi yake tu na kuibebesha kikonyo cha Ulaya.

Wengi waliogopa kwamba ladha ingepotea. Lakini Cabernet Sauvignon, aina maarufu ya zabibu nyeusi, ikibebeshwa hubaki Cabernet Sauvignon: rangi ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye ganda la tunda, na kileo hutoka kwenye sukari yake, ambapo chachu huhitaji takriban gramu 17 katika kila lita ya juisi ili kupata asilimia moja. Mzizi huingia kwa mlango wa nyuma. Ndio unaoamua mmea upate maji kiasi gani, uvumilie ukame au chokaa kiasi gani, na hayo huonekana katika ukubwa wa punje na kasi ya kuiva.

Chile imebaki bila filoksera, ikizungukwa na jangwa, milima ya Andes na bahari, na karantini yake ni kali. Kwenye mchanga mtupu, kama wa Colares nchini Ureno, mdudu hushindwa kutembea, na mizabibu huko bado ina mizizi yake yenyewe.

Kosa ambalo mimi hulirudia kila darasani ni la California. Wakulima wengi walipanda juu ya mzizi uitwao AXR1 kwa sababu ulizaa sana, ingawa nusu ya ukoo wake ni vinifera na ulikwisha kushindwa kwingineko. Katika miaka ya 1980 filoksera alianza kuumaliza, na maelfu ya ekari za Napa na Sonoma zikang'olewa na kupandwa upya.

Kwa hiyo nunua miche iliyobebeshwa kutoka kitalu kilichokaguliwa, na unapopanda acha kovu juu ya udongo, kiasi cha upana wa kiganja. Ukilifukia, kikonyo kitachipua mizizi yake chenyewe, na hiyo ndiyo mizizi ambayo filoksera anaitafuta. Kagua shingo ya kila mche baada ya palizi, maana jembe husogeza udongo juu bila wewe kujua.