Mlango wa gari "ulioshika nusu" ni upi?

Kitasa cha mlango wa gari hufunga kwa hatua mbili. Kikiishia ya kwanza, mlango umeshika nusu: ukiutazama umefungwa, ukiusukuma kwa bega unacheza.

Ndani ya mlango mna kipande cha chuma chenye pengo, mfano wa gando la kaa. Ukifunga, gando hukamata pete ya chuma iliyo kwenye nguzo ya bodi, likazunguka, na kijino chenye springi huliangukia lisirudi nyuma. Gando lina ngazi mbili ambazo kijino hushika, ndiyo maana mlango wenye kitasa kizima hulia "ka-ka" kwa haraka.

Ngazi hizo hazilingani hata kidogo. Kanuni namba 11 ya Umoja wa Mataifa inataka kitasa kilichofunga kabisa kihimili nguvu ya niutoni 11,000, karibu uzito wa kilo 1,100. Kilichoshika nusu kinatakiwa kuhimili 4,500 tu. Gari likigongwa au kubiringika, hicho kinaweza kuachia mapema, na abiria asiyefunga mkanda anaweza kutupwa nje.

Hapa Mombasa adui mkubwa ni chumvi ya bahari. Kutu inaingia, grisi kuukuu inashikana na mchanga, kijino kinakuwa kizito. Dereva naye anamkemea abiria, "Mama, taratibu na mlango!", ilhali mlango wenyewe haushiki mpaka ubamizwe. Joto nalo lina lake: mwaka 2016 Ford iliita magari zaidi ya milioni 2 Marekani na Mexico yarudi kutengenezwa kwa kuwa kipande kinachoshikilia springi ya kijino kingeweza kukatika, na ilianza na majimbo yenye joto kali.

Kupima ni rahisi. Mlango ukiwa wazi, zungusha gando kwa bisibisi. Lilie mara mbili, kisha ligome kurudi ukilisukuma. Ukimaliza vuta mkono wa mlango liachie, la sivyo ukifunga utagonga chuma kwa chuma. Likirudi lenyewe, safisha, tia grisi mpya, upime tena. Likikataa, badilisha kitasa, na cha mtumba kipime kabla hujalipa. Kamba wanazofungia milango baadhi ya matatu si matengenezo.

Mlango ukifunguka gari likienda, usiunyooshee mkono. Dereva apunguze mwendo pole pole, asikate kona ghafla, asimame kando ndipo ufungwe.